Kikohozi cha Baba Mkwe

Nilifundishwa kumpisha baba mkwe wangu kabla sijaonyeshwa kisima. Siku ile niliyoletwa kwao, hina bado mbichi mikononi, shangazi wa mume wangu alinikalisha mkekani akanipa sheria zake. Baba mkwe hasalimiwi kwa kusimama. Unapiga magoti kwa mbali, macho chini. Hukai anapokaa. Huli anapokuona. Hushiki kitanda chake, wala nguo yake, wala chombo anachotemea mate. Na ukisikia anakohoa, popote ulipo, inuka umpishe.

"Kwa nini akohoe?" niliuliza.

"Anabisha hodi," alisema shangazi. "Au ulitaka akukute umejitandaza?"

Mimi ni mtoto wa Mtendeni, Tabora mjini. Marehemu baba yangu alikuwa fundi cherehani. Nyumba yetu ilijaa wapangaji, na mtu akitaka kupita ukumbini alisema hodi akapita. Kwetu pia wakwe huheshimiana, lakini si kwa kukimbizana hivyo. Nilicheka moyoni, nikasema mambo ya porini hayo, nitayazoea.

Na kweli niliyazoea, kwa sababu pale kwao pa zamani nafasi ilikuwepo. Nyumba ya mzee ilikuwa upande mmoja wa shamba la karanga, yetu upande wa pili, na kati yetu palikuwa na mihogo iliyonizidi kimo. Mzee alikuwa mjane na kazi yake ilikuwa nyuki. Alikuwa na mizinga ya magome msituni, akipotea huko siku tatu nne, kisha anarudi ananuka moshi na nta. Akitaka kuja kwetu alikohoa mara mbili akiwa bado kwenye mihogo. Kikohozi kifupi, safi, cha mtu mzima aliyejipanga. Mimi ninaingia ndani, yeye anaongea na mwanawe uani, anaondoka. Baba yake alikuwa mpagazi, alibeba pembe hadi pwani na kurudi. Huyo, nasikia, ndiye aliyemfundisha kwamba mtu akikaribia kambi ya wenzake bila kukohoa ni mwizi au ni mnyama.

Kisha ikaja Operesheni. Tuliambiwa wote tuhamie kijiji cha ujamaa, karibu na ile njia ya zamani ya wapagazi, upande wa stesheni ya Igalula. Lori lilikuja mchana, tukapakia vinu, kuku na milango. Kijiji kilikuwa kimepimwa kwa kamba: safu ya nyumba huku, safu kule, barabara katikati. Tulipewa kiwanja, na baba mkwe akapewa cha kutazamana nacho, mlango kwa mlango. Ukipiga chafya kule, uliambiwa "afya" huku. Shangazi alipata safu ya tatu. Mizinga ya mzee ilibaki msituni, mwendo wa siku nzima.

Tulijenga haraka haraka, na mvua ikatukuta udongo haujakauka. Nyumba ya mzee ilikuwa chumba kimoja bila dirisha. Kwa ajili ya ule unyevu aliwasha moto humo ndani kutwa kucha, akalala na moshi wake.

Mume wangu alikuwa kibarua wa genge la reli, wale wanaokaza mataruma na kufyeka njia. Alirudi Jumamosi, Jumapili jioni ameondoka. Siku zote zilizobaki nilikuwa mimi, mwanangu mchanga mgongoni, na baba mkwe wangu ng'ambo ya barabara.

Akaanza kukohoa.

Nitasema ukweli, maana siku hizi sina wa kumwogopa: nilikasirika. Nilikuwa nikikoroga ugali uani, nasikia kikohozi, nainuka, naingia ndani, nasubiri. Hakuna anayekuja. Natoka, nashika mwiko, kikohozi tena. Nakimbia tena. Ugali uliungua mara ngapi sijui. Nilifua nguo nusu nusu. Nilimnyonyesha mtoto nyuma ya mlango, gizani, wakati mchana umejaa nje. Nikaona mzee ameamua kunitesa, kwamba ameona mimi ni mtu wa mjini, mvivu wa adabu, akasema ngoja nimchezeshe huyu.

Jumamosi nilimwambia mume wangu, "Baba yako ananichunga kama mbuzi. Anakohoa asubuhi mpaka jioni."

Alicheka. "Ndiyo heshima yake hiyo. Amewekwa karibu mno, anaogopa kukuona."

Shangazi naye alisifu. "Kaka yangu hana mfano. Wazee wengine kwenye vijiji hivi wamesahau, wanapita pita tu. Yeye anakohoa hata kabla hajafungua mlango."

Basi tukaendelea. Yeye anakohoa, mimi nampisha, shangazi anasifu. Hivyo ndivyo tulivyomaliza masika nzima.

Siku moja tukiwa kwenye shamba la kijiji mpini wa jembe langu ulikatika. Msimamizi akaniruhusu nirudi kuchukua mwingine. Kijiji kilikuwa kitupu, watu wote shambani. Niliingia kwangu kwa nyuma, na nikiwa natafuta mpini nikamsikia mzee. Mlango wake ulikuwa wazi. Nilichungulia kwenye ufa wa matete ya ukuta wangu, jambo ambalo shangazi angenifukuzia kwetu.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda, amegeukia ukuta. Hakuwa akienda popote. Hakujua kama nipo. Alishika ukuta kwa mkono mmoja na mbavu kwa mkono wa pili, akakohoa mpaka magoti yakakutana na kifua, akapumzika, akaanza tena. Kisha akatema kwenye jivu, akalifukia kwa kidole cha mguu, taratibu, kama paka.

Nilisimama na ule mpini. Kijiji kizima hakikuwa na mtu wa kupigiwa hodi. Mgongo wake ulikuwa umekwisha. Shati lilikaa kama limetundikwa msumarini. Kumbe miezi yote ile nilikuwa namkimbia mgonjwa.

Jioni nilikwenda kwa shangazi nikamweleza. Kwanza alinigombeza kwa kuchungulia. Kisha akajifuta uso kwa upindo wa kanga. Tukaanza kumtibu, mimi kwa kichwa, yeye kwa mikono.

Nilipika maji ya tangawizi, nikatia asali yake mwenyewe, chupa ya mwisho iliyotoka kwenye mizinga ya zamani. Shangazi akavuka nayo barabara. Nilichemsha majani ya mkaratusi ya kando ya reli, shangazi akamfunika shuka avute mvuke. Nilijaza gunia pumba, nikamwagiza aliweke chini ya godoro upande wa kichwa, maana mzee akilala chali kifua kinamjaa. Nilisema moto utoke ndani, uwe nje. Hapo shangazi alibisha, mzee atapata baridi. Nikamwambia baridi ina blanketi, moshi hauna. Naye alileta mizizi yake ya porini, nikaichemsha bila kuuliza.

Alipata nafuu. Siku tano, sita, tulisikia kimya, nikapika ugali mpaka ukaiva. Kisha kipupwe kikaja na upepo wake mkavu, kikohozi kikarudi na homa za jioni.

Nilipanda treni kwenda mjini kununua dawa. Karibu na soko palikuwa na duka la Mhindi mmoja mzee, marehemu baba alikuwa akinunua nyuzi kwake. Nilimwomba ile dawa nyeusi ya chupa ya kutuliza kifua. Aliishika mkononi, hakunipa.

"Nani anakohoa?"

"Baba mkwe."

"Siku ngapi?"

Nilifikiri. Nikakumbuka ugali wa kwanza ulioungua. "Tangu mvua zilipoanza."

Aliirudisha chupa kwenye rafu. "Hii ni ya mafua, binti yangu. Mtu mzima akipita wiki mbili tatu anakohoa, usije dukani. Nenda hospitali."

Hospitalini walinipa kikopo chenye mfuniko. Nesi alisema kama mzee hawezi safari, wanataka makohozi yake ya kwanza ya asubuhi, ya kutoka kifuani, kabla hajala wala kusukutua, na yawahi kufika. Nilirudi na kile kikopo kwenye kapu, nikakuta shangazi ameitwa Lusu, huko Nzega, binti yake amejifungua na anaumwa. Mume wangu alikuwa mbali, pamoja na genge lake. Majirani tulikuwa tumekusanywa tu kutoka huku na huko. Kumwambia mmoja kwamba nyumbani kwetu kuna kifua ni kuwatangazia wote. Nikabaki mimi na kikopo.

Kati ya milango yetu miwili kulikuwa na kinu changu. Mkwe akiwa na neno la lazima na hakuna mtu wa katikati, husema na kitu, mwenyewe asikie. Jua lilikuwa linashuka. Nilipiga magoti upande wangu wa barabara, nikageuza uso.

"Kinu," nikasema, "mwambie baba hospitalini wanataka makohozi yake ya asubuhi. Kikopo nakiacha hapa."

Kisha nikamsikia mlangoni kwake. "Kinu, mwambie mkwe wangu mambo hayo hayasemwi."

"Kinu, mwambie baba kesho mimi si mkwe. Mimi ni miguu tu ya kwenda mjini."

"Kinu, muulize, akishabeba mate yangu, mimi nitamtazama vipi?"

Na mimi, mdomo wangu wa Mtendeni haujawahi kunisubiri, nikajibu, "Kinu, mwambie baba tangu niolewe hajawahi kunitazama."

Alicheka. Ndiyo mara ya pekee niliyosikia kicheko chake. Kikamgeukia kikohozi, kirefu, cha kukwaruza, na safari hii sikuinuka. Nilibaki pale pale nimepiga magoti mpaka kikaisha. Nilitaka ajue kwamba nasikia.

Asubuhi kikopo kilikuwa juu ya kinu, mfuniko umebanwa, kimefungwa kwa jani bichi na kamba ya gome, vilevile alivyokuwa akifunga masega ya asali. Nilikiweka mapajani njia nzima. Kwenye behewa mzee mmoja aliuliza kama ni asali. Nikasema ndiyo.

Ilikuwa kifua kikuu. Mume wangu alimpeleka baba yake, akalazwa miezi miwili akipigwa sindano kila siku. Mimi na mtoto tulipimwa, tukaonekana salama. Mama yangu alimpelekea uji kutoka Mtendeni asubuhi na jioni, akauacha kwa nesi, maana na wao wawili walikuwa wakwe. Mzee aliporudi kijijini alikuwa amenona mashavu. Alipewa vidonge vya kumeza kila siku kwa zaidi ya mwaka, na daktari alimwambia, mume wangu akiwa hapo hapo, asije akaacha hata kikohozi kikiisha.

Kikohozi kiliisha. Kiliisha kabisa, na sisi tukachinja jogoo.

Kile ambacho hakuna aliyekifikiria ni hodi yake. Kifua kilichokohoa mwaka mzima kilikuwa kimeachiwa utulivu, na mwenyewe, nadhani, aliogopa kukichokoza. Siku moja ya kiangazi, joto limekaza, nilikuwa nyuma ya nyumba naosha nywele, kanga nimeifunga kiunoni tu. Sikusikia kitu. Nilipoondoa povu machoni alikuwa amesimama mbele yangu na kibuyu cha asali mpya. Alikuwa ametoka msituni, safari yake ya kwanza tangu apone, na hiyo asali alikuwa anaileta kwangu.

Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekanyaga kaburi. Aliweka kibuyu chini, akageuka, akaenda zake, na nyuma yake nilimwona kwa mara ya kwanza jinsi anavyotembea.

Hakuja tena kwetu. Mwanawe akirudi Jumamosi, alimfuata kwake. Asubuhi alitoka kabla sijaamka. Nilimwomba shangazi amwambie kwamba mimi sikuona kosa, na kosa kama lipo ni la sabuni. Shangazi alirudi akitikisa kichwa. "Anasema mzee asiyekohoa huingia nyumba ya mkwe kama mwizi."

Niliona aibu, kisha nikakasirika, kisha nikamhurumia. Nilimkumbuka pale kwenye kinu akicheka. Nilitaka tu arudi kuwa yule wa kwenye mihogo, mara mbili, kifupi, safi.

Miezi ikapita. Kipupwe kilipoanza nilikuwa napepeta mpunga uani, nikasikia kikohozi mlangoni kwake. Mara mbili.

Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi. Mimi niliyemwona amegeukia ukuta, mimi niliyebeba kile kikopo mapajani, niliokota ungo wangu nikaingia ndani upesi nampisha, nikasema moyoni, haya, baba amenisamehe, amerudi na adabu zake. Nilisikia hatua zake zikipita barabarani. Kesho yake alikohoa tena, nikampisha tena. Nilimwambia mume wangu, naye akafurahi. Hata shangazi alifurahi.

Hakuna hata mmoja wetu aliyehesabu wiki. Mpaka aliposhindwa kuinuka kitandani, tukamkuta na damu kwenye jivu, mvua za mwaka ule zilikuwa karibu. Hakuzifikia.

Tulipotoa vitu vyake shangazi alileta kibuyu kimoja kilichozibwa kwa nta. Tulidhani ni asali. Alipokizibua vilimwagika vidonge, vyeupe, vingi, vimeshikana kwa unyevu. Alikuwa ameacha kumeza zamani. Kama aliacha kwa sababu kikohozi kilikuwa kimekwisha na hakuona haja, kama wagonjwa wengi, au aliacha kwa sababu alikitaka kirudi, sijui. Mume wangu anashika la kwanza. Mimi usiku na mchana nashika la pili, na hakuna anayeweza kuninyang'anya.

Matangani mama mmoja wa safu ya pili alisema ndiyo haya, mficha maradhi kilio kitamuumbua. Nilimjibu mbele za watu, nikaonekana sina adabu. Nilimwambia hakuficha. Alikohoa mchana kweupe, mlangoni kwake, kijiji kizima kinasikia, na sisi tukampisha.

Siku chache baada ya arobaini nilikuwa uani nakoroga ugali. Mtu akakohoa barabarani. Nikaacha mwiko, nikaingia ndani, nikasimama nyuma ya mlango na mtoto mgongoni, nikisubiri apite. Nilisimama muda mrefu sana. Nilipotoka ugali ulikuwa umeungua, na ng'ambo ya barabara ule mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba, kama tulivyouacha.